Kumi za Pumzi

Jumanne, saa moja na nusu usiku, Łódź,
mji ambao jina lake maana yake ni mashua
na mito yake imezikwa chini ya lami.
Tunashuka ngazi kumi na saba
hadi chini ya kiwanda kilichokuwa cha nguo.
Nguo zilizobaki ni hizi tulizovaa,
nazo zitakuwa chapachapa kabla ya saa mbili.

Ada ni zloti nane. Asiye nazo anapiga deki.
Mimi ninazo, ila mwezi wa kwanza nilipiga deki;
nilitaka kwanza kuizoea sakafu.

Bogna, kocha wetu, ni muuguzi wa wodi ya watoto.
Hapigi kelele. Anabonyeza saa nyekundu ukutani
nayo inapiga kelele kwa niaba yake:
ishirini kazi,
kumi pumzi,
ishirini kazi,
kumi pumzi,
mara nane, halafu unadhani umemaliza,
kumbe huo ulikuwa utangulizi.

Mimi ni dereva wa tramu. Miaka hamsini na nne,
thelathini kati ya hiyo nimekaa,
nimekaa hadi makalio yakasahau kazi nyingine.
Daktari aliitazama karatasi ya damu yangu
kama asomaye barua ya deni la jirani,
akasema, "Bwana Lucjan, simama."
Basi nasimama. Nachuchumaa, nasimama,
nakumbatia gunia la mchanga kama mtoto aliyelala,
nalala kifudifudi, nainuka, naruka,
na goti la kushoto linatamka maneno
ambayo mama alinikataza.

Kulia kwangu ni Zenobia, sabini na moja.
Alifuma shuka ukumbi huu huu miaka kumi na tisa,
mitambo mia mbili ikinguruma kwa pamoja;
sikio lake moja lilibaki humo.
Anatandika mkeka penye matundu manne ya bolti,
pale mtambo wake uliposimama.
Siku moja Ksawery, kijana wa kuosha magari, alimtangulia.
Zenobia hakusema kitu. Alimsimamia kichwani
mpaka kijana akahama na chupa yake ya maji.

Jumanne hiyo ilikuwa pushapu hamsini.
Nilikuwa ya thelathini na moja wenzangu walipomaliza.
Ukumbi ukanyamaza.
Sijui kelele inayozidi
ukimya wa watu wanaokusubiri.
Halafu, kwa desturi ya pale, wakashuka tena sakafuni,
wote kumi na mmoja,
hata Tymoteusz mwokaji, aliyekwisha kuvaa koti.

Niliwachukia. Naandika ilivyokuwa.
Huruma ni nzito kuliko lile gunia,
haina hata pa kuishika.
"Acheni," nikahema, "nendeni makwenu."
Zenobia, uso wake shubiri moja na wangu,
jasho likimdondoka puani tone, tone:
"Usijipe makuu. Mimi nasikia baridi."

Nikacheka, kicheko kikala pumzi yote,
nikatua kwa kidevu,
nikainuka.
Thelathini na mbili.

Sikufika hamsini. Arobaini na tatu,
Bogna akazima saa, mlinzi ana funguo zake.
"Saba zako zinabaki hapa," akasema.
"Alhamisi uzifuate."

Alfajiri, tramu ya kwanza,
mapaja yakitetemeka kama maziwa kwenye ndoo.
Kituo cha tatu, mwanamke anakuja mbio,
koti wazi, barafu chini ya viatu.
Miaka yote hii nimefunga mlango kwa wakati;
ratiba ni ratiba;
wachelewaji nimewatazama kiooni wakipungua, wakipungua.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nikahesabu kumi.

Akapanda, akaikumbatia nguzo.
Hakusema asante.
Hakuwa na pumzi ya kuisemea,
naijua hali hiyo.